Oili ya Gari Usiiweke Kwenye Pikipiki

Leo tuache mahindi kidogo tuongelee pikipiki, maana ndiyo inayobeba mbolea, maziwa na hata chanjo.

Mwaka jana nilibadilisha oili mwenyewe nyumbani. Nikaweka oili ya gari iliyokuwa imebaki, nikajiona nimeokoa hela. Wiki hiyohiyo nimebeba chanjo ya kideri, nafika mlimani injini inanguruma lakini pikipiki haiendi. Klachi inateleza! Nilisukuma mpaka barafu ikayeyuka, chanjo ikaharibika nikaitupa. Kuku wa watu wakabaki bila kinga.

Sababu ni hii: pikipiki nyingi za gia hutumia oili moja kwa injini, gia na pleti za klachi. Baadhi ya oili za gari zina viambato vya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano haishiki.

Kwa hiyo soma kopo. Tafuta maandishi JASO MA au MA2. Ukiona MB, hiyo ni ya skuta. Kuhusu 20W-50 au 10W-40, fuata kitabu cha pikipiki yako.

Ukibadilisha mwenyewe, pasha injini kidogo, zima, ndipo umwage. Nati ya chini usiikaze kwa nguvu zote. Injini ni aluminiamu, nyuzi zitakatika. Oili chafu usiimwage shambani wala mtoni.

Umeshakosea? Mwaga, weka sahihi. Ikizidi kuteleza, huenda pleti zimeungua, nenda kwa fundi mapema.