Tandiko Kuukuu na Kamisheni ya Mwenye Duka

Kupanda farasi ni mchezo unaoacha vitu nyuma. Buti za mtoto humbana kabla hazijachakaa, na tandiko la inchi 15 alilojifunzia halimtoshi akishafika ujana. Hata farasi hubadilika: akinenepa au akijenga misuli, tandiko lililomkaa sawasawa mwaka jana huanza kumchubua mabegani. Matokeo yake ni stoo zilizojaa hatamu, vikuku na matandiko ambayo bado yana miaka mingi ya kazi. Nchini Marekani, hasa katika miji inayoishi kwa farasi kama Middleburg, jimboni Virginia, vitu hivyo huishia katika maduka ya aina ya pekee. Duka halivinunui. Linavipokea, linavipangia bei na kuviweka mbele ya wateja, na kikiuzwa kimoja, mwenyewe anapewa fungu lake. Wafanyabiashara wa Kariakoo wangeitambua biashara hiyo kuwa mali kauli, ila kule anayekabidhi mali ni mtu wa kawaida mwenye tandiko moja, na mgawo hufuata asilimia ya bei badala ya kiasi kilichokubaliwa tangu mwanzo.

Asilimia hiyo ndiyo inayoleta manung'uniko. Kwa tandiko, duka kwa kawaida hubaki na robo hivi ya bei, au zaidi kidogo. Kwa vitu vidogo linaweza kuchukua asilimia 40, hata nusu nzima, maana kazi ya kuandika lebo ya hatamu ya dola 30 ni ileile ya kuandika lebo ya tandiko la dola 1,000. Mwenye mali huona amekatwa kwa sababu tu kitu chake kimetundikwa kwenye ukuta wa mwenzake. Naona hesabu hiyo inasahau jambo moja. Kinachouzwa katika duka zuri la aina hii, pamoja na ngozi na chuma, ni ukaguzi, na kamisheni ndiyo ujira wa mkaguzi.

Tandiko lina siri nyingi kuliko linavyoonekana. Ndani yake kuna kiunzi cha mbao au cha plastiki ngumu, nacho ndicho kinachogawa uzito wa mpandaji pande mbili za uti wa mgongo wa farasi. Farasi akianguka au akijibiringisha nalo mgongoni, kiunzi kinaweza kuvunjika huku ngozi ya juu ikibaki inang'aa. Tandiko la namna hiyo humwumiza mnyama kila siku, na mara nyingi gharama ya kulitengeneza huzidi thamani yake. Mjuzi hulikamata mbele na nyuma, akalibana kana kwamba anataka ncha hizo mbili zikutane, huku akisikiliza mlio na kutazama kama kiti kinajikunja mahali kisipopaswa. Kisha hulipindua na kupapasa mito ya chini, kwani sufu iliyojazwa humo hugandamana ikawa mabonge. Hukagua mikanda ambako mshipi wa tumboni hufungwa, maana matundu yaliyorefuka ni dalili ya ngozi iliyochoka, na mkanda ukikatika katikati ya mruko mpandaji hana pa kushika. Mwisho hufunua bawa na kusoma nambari iliyogongwa, ambayo kwa watengenezaji wengi husaidia kujua ukubwa na umri wa tandiko. Yote hayo hayaonekani katika picha, hata ikipigwa na fundi.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Muuzaji, alisema, anaujua ubovu wa gari lake, na mnunuzi haujui. Ili kujikinga, mnunuzi hutoa bei ya kati, ambayo mwenye gari zima huiona dhuluma akaondoka nalo, na sokoni hubaki mabovu. Matandiko yanaingia katika mtego huohuo, tena kwa bei zisizo ndogo: tandiko jipya la kurukia vizuizi kutoka kwa mafundi wa Ufaransa linaweza kuzidi dola 5,000. Kwa hiyo anayefaidika zaidi na mkaguzi ni mwenye tandiko zima, yuleyule anayelalamikia kamisheni, kwa kuwa bila shahidi angepewa bei moja na mwenye bovu. Ushahidi mzuri wa hoja hii ni kofia za kinga. Povu gumu la ndani ya kofia hufyonza kishindo kwa kupondeka, na upondekaji huo mara nyingi hauonekani kwa nje. Hapo jicho la mjuzi halina msaada, na maduka mengi hukataa kabisa kupokea kofia zilizotumika, ingawa wanunuzi wasingekosekana.

Kuna watakaosema kwamba mitandao imeshaua biashara hii: piga picha, andika bei, chukua hela yote. Kwa blanketi la farasi au vikuku vya chuma nakubaliana nao. Kitu ambacho hali yake yote iko juu hakihitaji wa kukithibitisha, na kukitolea nusu ya bei ni hasara ya kujitakia. Tandiko lakini lazima likubaliwe na miili miwili kwa pamoja, wa mtu na wa mnyama, na wa pili hawezi kuulizwa kwa simu. Ndiyo maana maduka mengi humruhusu mnunuzi kuacha amana sawa na bei nzima, akaenda nalo zizini kwa siku kadhaa na kulirudisha lisipomkaa farasi. Muuzaji binafsi akiombwa hivyo na mtu asiyemfahamu huingiwa na hofu, wala simlaumu.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu masilahi. Husemwa kwamba duka, kwa kuwa halipati kitu mpaka mali iuzwe, linavuta kamba upande mmoja na mwenye mali. Si kweli kabisa. Chukua tandiko la dola 1,200 kwa kamisheni ya robo: mwenyewe apate 900, duka 300. Bei ikishushwa kwa dola 200 ili liondoke upesi, mwenyewe anapoteza 150 na duka 50 tu, nalo linapata nafasi ya kuweka kitu kingine. Duka lina kila sababu ya kuharakisha, na mikataba mingi huliruhusu kushusha bei kila muda fulani unapopita. Breki iliyopo ni kwamba watu wa farasi hukutana kwenye mashindano yaleyale, na duka lenye sifa ya kuuza mali za watu kwa bei ya kutupa hukosa wa kuliletea. Breki hiyo hufanya kazi polepole mno kwa mtu mwenye tandiko moja la kuuza, hivyo ulinzi wake uwe kwenye karatasi: bei ambayo duka haliruhusiwi kushuka chini yake bila kumuuliza, siku ya malipo baada ya mauzo, nambari ya tandiko, na maneno ya wazi kwamba mali ni yake hadi itakapouzwa, ili wadai wa duka wasiihesabu ikitokea limefilisika. Asome pia sehemu ya mwisho wa muda, kwa sababu baadhi ya mikataba husema kitu kisichofuatwa kwa wakati kinakuwa mali ya duka.