Kuhesabu ni Kwetu Sote, Kutangaza ni kwa Mmoja

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2027 Wakenya watapiga kura tena, na wengi wetu tunaosoma jarida hili tutakuwa tumetimiza miaka 18. Usiku wa siku hiyo simu zitajaa tarakimu. Huyu ataandika, "Tumeshinda!" Yule naye atajibu, "Wanatuibia!" Ndipo swali linapozuka: je, matokeo yafichwe, yasionekane mtandaoni mpaka yatangazwe rasmi, ama yaachwe wazi tangu mwanzo? Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi jambo hili lilivyo hapa Kenya, na kwa nini linatuhusu sisi wa nchi ya majani chai.

KILO NA BONASI

Watoto wa Kericho na Bomet hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mkulima mdogo akipeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, karani huyapima na kumpa risiti. Kilo zile si siri. Mkulima anazijua, na jirani aliye nyuma yake kwenye foleni ameziona. Akitaka, anaweza kuketi mezani na kujumlisha risiti zake za mwaka mzima.

Lakini bonasi ni habari nyingine. Bonasi haitangazwi na mkulima wala na karani. Hutangazwa baada ya hesabu za kiwanda kufungwa, kiwe ni Momul, Litein, Kapkoros au Mogogosiek. Mtu akizunguka sokoni akisema ati bonasi ni shilingi kadhaa kabla ya siku hiyo, huo ni uvumi tu, hata kama kilo zake mwenyewe ni za kweli. Hata hivyo, kiwanda nacho kikileta kilo zisizolingana na risiti, mkulima ana ushahidi mkononi. Uchaguzi wetu umejengwa vivyo hivyo.

NI SIRI IPI HASA?

Watu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni kura yenyewe. Hiyo ni siri yako, na Katiba ya 2010 inailinda. Wazee wetu wanakumbuka uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, wakati watu walipopanga foleni hadharani nyuma ya wawakilishi wa wagombea wa KANU. Kila mtu alimwona mwenzake alikosimama. Hakukuwa na siri hata kidogo.

La pili ni hesabu ya kura. Hiyo si siri. Tangu mwaka 2002 kura huhesabiwa pale pale kituoni zilikopigwa, mbele ya mawakala wa wagombea. Kura za urais zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A, mawakala hutia sahihi, matokeo husomwa kwa sauti, na nakala hubandikwa mlangoni. Mwezi wa Juni 2017, katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hesabu iliyotangazwa kituoni ni ya mwisho. Wakubwa wa Nairobi hawana ruhusa ya kuibadilisha.

La tatu ni tangazo la mshindi. Hili limetengwa. Fomu za vituo hujumlishwa katika Fomu 34B ya eneo bunge, kisha maeneo bunge yote 290 huingia katika Fomu 34C ya taifa. Ni lazima Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ijumlishe na kuhakiki kwanza, kisha mwenyekiti wake atangaze, yote hayo ndani ya siku saba. Mshindi wa urais anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Sasa niambie, mtu aliye na fomu za Konoin na Belgut pekee atajuaje kama masharti hayo yametimia?

GIZA NA MATUNDA YAKE

Kuna wanaosema afadhali kila kitu kifichwe mpaka mwisho ili watu watulie. Hebu tukumbuke mwaka 2007. Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba. Matokeo yalichelewa, na mwananchi wa kawaida hakuwa na mahali pa kuzisoma fomu za vituo vyote. Tarehe 30 Desemba mshindi alitangazwa, na vita vikazuka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini. Hapa kwetu, wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai waliotoka jamii nyingine walishambuliwa na kufukuzwa katika nyumba zao. Watu waliochuma majani bega kwa bega walikimbiana kama paka na panya.

Baadaye tume iliyoongozwa na Jaji Kriegler ilichunguza uchaguzi ule. Ilisema hesabu zilikuwa zimevurugwa kiasi kwamba haikuwezekana kujua ni nani aliyeshinda. Fikiria jambo hilo, msomaji! Watu walikufa kwa tarakimu ambazo hata wataalamu walishindwa kuzithibitisha. Kwa hiyo kufichwa kwa matokeo hakukuleta utulivu. Kulileta shuku, na shuku ikazaa moto.

TARAKIMU BILA FOMU

Je, dawa ni kumwaga tarakimu hadharani? Hapo pia tulijikwaa. Mwaka 2013 matokeo ya muda yalianza kuonyeshwa kwenye skrini kubwa kule Bomas. Kumbe kompyuta ilikuwa na hitilafu: kura zilizoharibika zilizidishwa mara nane! Kisha mfumo wa kupeleka matokeo ukafa kabisa, na wasimamizi wakalazimika kubeba fomu zao mpaka Nairobi.

Mwaka 2017 tarakimu zilitiririka mtandaoni usiku ule ule, lakini fomu nyingi za kuzithibitisha hazikuonekana. Ilikuwa kama kuonyeshwa kilo bila risiti. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi wa urais ukafutwa. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa ni jinsi matokeo yalivyopitishwa.

Ndipo mwaka 2022 Tume ikageuza mambo. Badala ya kuweka tarakimu bila fomu, iliweka fomu bila jumla. Picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, na kila mwenye intaneti akaweza kuzifungua. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha, kila kimoja kikianza na fomu zake. Matokeo yake? Kituo hiki kilionyesha huyu anaongoza, kile kikaonyesha yule. Hakuna aliyekuwa anadanganya, ila walianzia pembe tofauti za shamba.

Tarehe 15 Agosti mwenyekiti Wafula Chebukati alimtangaza William Ruto kuwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo hayo. Kesi ikaenda mahakamani, na zile fomu zilizokuwa wazi kwa wote zikawa msaada mkubwa. Zililinganishwa na nakala za karatasi, na tofauti ya maana haikupatikana. Tarehe 5 Septemba mahakama ikaidhinisha matokeo. Wengine walinung'unika, ni kweli, lakini taifa halikurudi kule kwa 2007.

MAJIRANI NA WENGINE

Zanzibar, tarehe 26 Oktoba 2015, Maalim Seif Sharif Hamad alijitangaza mshindi kabla Tume ya huko haijamaliza kazi. Siku mbili baadaye mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wote. Ulirudiwa Machi 2016, na chama cha CUF kikaususia.

Kule Kongo, baada ya kura za tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti kwa karibu wiki tatu. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi kama 40,000. Lilisema linamjua mshindi, lakini halikumtaja, kwa kuwa sheria iliipa tume ya uchaguzi peke yake kazi ya kutangaza. Tume ilipomtangaza Félix Tshisekedi, Kanisa likasema matokeo hayo hayalingani na hesabu zake. Mwananchi angeamua vipi? Hakuwa na fomu za kusoma.

Ufaransa nao wana marufuku yao: matokeo hayaruhusiwi kuchapishwa kabla kituo cha mwisho kufungwa saa mbili usiku. Lengo ni kwamba anayeenda kupiga kura jioni asishawishiwe na kura za wengine. Marufuku hiyo ni ya saa chache tu, na ina sababu inayoeleweka.

KAZI KWETU

Kutokana na hayo tunaona kwamba kungoja tangazo si sawa na kufichwa. Tume ikituambia tungoje mshindi, ina haki. Ikituambia tusione fomu, hapo tuulize kwa nini.

Nasi vijana tuna wajibu. Ukipokea tarakimu kwenye simu, uliza: iko wapi fomu yake? Ni ya vituo vingapi kati ya vyote? Imetiwa sahihi? Ukikosa jibu, usiitume kwa mwenzako. Kama fomu ya kituo chenu imebandikwa mlangoni, nenda ukaisome, kisha uilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti. Hiyo ndiyo risiti yako. Lakini usiseme fulani ameshinda urais kwa sababu ameshinda Sotik au Ainamoi.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali zote mbili tuzishike pamoja: tungoje tangazo, na daftari likae wazi.