Uandikishaji wa zaidi ya asilimia 100? Somo kutoka shule za Ureno

Ukifungua majedwali ya elimu ya Ureno ya miaka ya 2000, kwenye ngazi ya sekondari ya chini, unakutana na kitu cha ajabu: kiwango cha uandikishaji kimevuka asilimia 100. Yaani nchi ina watoto mia, halafu shuleni wameandikishwa zaidi ya mia! Hao wa ziada wametoka wapi?

Wengi wakiona hivyo hudhani ni kosa la uchapaji. Si kosa. Tena ukielewa kwa nini namba hiyo inatokea, utaanza kuzisoma takwimu za shule za nchi yoyote kwa jicho jingine.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi zenyewe. Elimu ya msingi nchini Ureno ni miaka 9, iliyogawanywa sehemu tatu: miaka 4, kisha 2, kisha 3. Hiyo mitatu ya mwisho, darasa la 7 hadi la 9, ni ya watoto wa umri wa miaka 12 hadi 14. Takwimu za kimataifa zinaihesabu kama sekondari ya chini.

Viwango viwili, hadithi mbili

Kuna uandikishaji wa jumla na kuna uandikishaji rika. Tofauti yake ni ndogo kwenye karatasi, lakini ni kubwa kwenye maana.

Tuseme kuna mji wenye watoto 100 wa miaka 12 hadi 14. Kati yao, 85 wako darasa la 7 hadi la 9. Wengine 15 bado wako madarasa ya chini kwa sababu walikariri. Papo hapo, kwenye madarasa hayo hayo ya 7 hadi 9 wamo vijana 30 wa miaka 15 na zaidi ambao walipaswa kuwa wameshamaliza.

Uandikishaji rika unawahesabu wenye umri husika tu: 85 kwa 100, sawa na asilimia 85. Uandikishaji wa jumla unamhesabu kila aliyekaa kwenye dawati, awe na umri wowote: 85 na 30 ni 115, gawa kwa 100, unapata asilimia 115. Mji ni uleule, watoto ni walewale. Kiongozi wa mji akitangaza ile 115 atapigiwa makofi, ilhali kinachoipandisha ni watoto waliochelewa.

Ureno ilifikaje huko?

Nchi hii ilianzia chini. Mwaka 1970, takriban mtu mmoja kati ya wanne hakujua kusoma na kuandika. Chini ya udikteta wa Salazar, elimu ya lazima ilikuwa imepandishwa hadi miaka 6 mwaka 1964 tu. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974 mahitaji ya shule yalilipuka, na mwaka 1986 sheria mpya ya elimu iliweka miaka 9 ya lazima. Ilianza kuwabana walioingia darasa la kwanza mwaka 1987, kwa hiyo kundi la kwanza lilifika darasa la 7 mwaka 1993.

Milango ikafunguka, lakini utamaduni wa kukaririsha ukabaki. Kwenye utafiti wa PISA wa mwaka 2012, takriban theluthi moja ya wanafunzi wa Ureno wa miaka 15 walisema wamewahi kukariri darasa angalau mara moja. Wastani wa nchi za OECD ulikuwa kama mmoja kati ya wanane. Hapo ndipo wale "wa ziada" wanapopatikana.

Kisha wakaja watu wazima. Mwaka 2005 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Novas Oportunidades, uliowapa walioacha shule nafasi ya kupata cheti cha darasa la 9 au la 12. Mama wa miaka 40 anayefuatilia cheti cha darasa la 9 anaingia kwenye hesabu ya walioandikishwa, lakini kwenye idadi ya watoto wa miaka 12 hadi 14 hayumo. Kiwango lazima kipande.

Kushuka si lazima kuwe kubaya

Sasa geuza shilingi upande wa pili. Wanaokariri wakipungua, kiwango cha jumla kinashuka kuelekea 100. Ukikiona kwenye grafu bila maelezo utasema elimu inaporomoka, kumbe watoto wanapita kwa wakati. Kuna kipimo kingine kinachosaidia hapa: mwaka 2002, karibu asilimia 45 ya vijana wa Ureno wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wameacha masomo bila kumaliza sekondari ya juu. Kufikia 2020 walikuwa chini ya asilimia 10. Huko si kuporomoka hata kidogo.

Tusichanganye pia kiwango na idadi. Mwaka 2000 Ureno ilipata watoto wachanga takriban 120,000. Mwaka 2014 walikuwa kama 82,000. Kundi hilo la 2014 linafika darasa la 7 mwaka 2026. Madawati yatabaki wazi hata kama hakuna mtoto hata mmoja aliyeacha shule. Uzazi unapunguza walioandikishwa pamoja na wanaopaswa kuandikishwa, kwa hiyo kiwango kinaweza kubaki palepale huku shule zikipungukiwa na watoto. Wahamiaji wakiingia na watoto wao, idadi inapanda tena.

Ukikutana na namba kama hii

Jiulize maswali matatu kabla ya kushangilia au kulia. Ni uandikishaji wa jumla au rika? Wangapi wamezidi umri wa ngazi hiyo, na ni kwa sababu ya kukariri au ni watu wazima waliorudi? Na je, kilichobadilika ni kiwango, au ni idadi ya watoto waliozaliwa?

Majibu yake ndiyo yanayoamua pesa ziende wapi. Serikali inayodhani ile 115 ni mafanikio haitatafuta walimu wa kuwasaidia waliokwama. Na inayodhani kushuka kwake ni utoro itawafukuzia wazazi wasio na kosa.