Zege Linapofunikwa Blanketi

Saa nne usiku, Dar inachemka, na vijana wawili wanatandika mablanketi juu ya msingi wa ghorofa. Nikauliza kwa utani kama zege nalo lina homa. Msimamizi, mzee aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, hakucheka.

"Linayo, mwanangu. Njoo uone."

Nyaya mbili zilichomoza kwenye zege: mmoja umezama hadi tumboni, mwingine uko karibu na uso. Akachomeka kipimo. Ndani nyuzi 63, juu 46. Mimi nikaishangaa ile 63. Yeye alikuwa anapiga hesabu ya pengo.

Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Zege jembamba hulipumua likaisha. Msingi wa unene wa mita mbili hukaa nalo siku nyingi. Juu kukipoa kunasinyaa, ndani bado kumevimba, na zege changa halina ubavu wa kuvutwa. Pengo likipita nyuzi 20 hivi, ufa unanyemelea. Kwa hiyo blanketi halipashi zege moto, linauzuia uso usipoe upesi. Nilipita mitaa hii miaka yote bila kulijua hilo.

"Ila blanketi ni dawa ya mwisho," mzee akasema. "Homa inatibiwa kwenye mkorogo."

Kila kilo 100 za saruji katika mita moja ya ujazo hupandisha joto kwa nyuzi kama 12. Weka kilo 400, umwage zege likiwa na nyuzi 30, kisha hesabu mwenyewe. Na likivuka 70 laweza kuja kuvimba na kupasuka miaka baadaye. Ndiyo maana mzee hupunguza saruji akaweka pozolana, majivu ya volkano kama yale ya Songwe, huchagua kokoto kubwa zisizodai saruji nyingi, na sehemu ya maji huwa barafu. Kule Marekani, bwawa la Hoover lilipozwa kwa mabomba ya maji baridi, zaidi ya kilomita 900, yaliyolazwa ndani ya zege.

Lakini pozolana huchelewesha ugumu, na mwenye jengo ana haraka. Nani anashinda? Na misingi isiyo na waya hata mmoja, nyufa zake anazihesabu nani? Mzee alitazama kipimo chake tu.

Alfajiri kilisoma ndani 65, juu 47. Mablanketi hayakuguswa.