Taabu za Mgeni Kando ya Ziwa

Watu wengi hudhani ya kuwa Mzungu akija kukaa katika nchi zetu hushindwa na jua. Lakini sisi tukaao Mwanza twajua ya kwamba joto la huku si kali kama la pwani, maana Ziwa Viktoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kilichowaangusha wageni wa kwanza hasa ni homa.

Tumtazame Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland, aliyekuja na misheni ya C.M.S. mwaka 1876. Alikaa Buganda, akafukuzwa mwaka 1887, akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa. Hapo Askofu Parker alikufa mwaka 1888. Mackay naye akafa kwa homa mwaka 1890, umri wake miaka 40, wala hakuwa amerudi kwao hata mara moja.

Siku zile walidhani homa hiyo hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1897 ndipo Daktari Ronald Ross, huko Bara Hindi, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mwenyeji aliyeugua mara nyingi utotoni huwa na kinga kiasi, mgeni hana. Lakini kinga hiyo haipatikani bure: watoto wengi wa mwambao huu wamekufa kabla ya kuipata.

Tena palikuwa na upweke. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Zamani za Mackay barua na dawa zilichukuliwa na wapagazi kutoka pwani, safari ya miezi. Mtu aliweza kumjibu ndugu aliyekwisha kufa.