Ndege ikishatoa moshi, nani amalizie?

Wadau, juzi nimenuniwa na rafiki yangu kwa sababu ya ndege ya kwenye kompyuta. Tulikuwa timu moja mtandaoni. Kamfukuza adui dakika nzima, kamtoboa injini, moshi mweusi unafuka. Mimi nikatokea juu, nikapiga risasi chache, jamaa akaanguka na alama nikapata mimi. Rafiki yangu akazima maikrofoni, akaondoka.

Kwa wasiocheza: ni sawa na mwenzio kapiga chenga mabeki wote pamoja na kipa, halafu wewe unausukuma mpira ukiwa mstarini. Goli lako kwenye karatasi, lakini uwanja mzima unajua.

Tangu enzi za IL-2 Sturmovik ya mwaka 2001, wachezaji wana adabu zao ambazo hazijaandikwa popote. Ndege inayowaka moto au iliyokatika bawa, iache, imeshakwisha. Aliyejeruhi ndiye mwenye haki ya kumalizia. Ukitaka kusaidia, uliza kwanza, au mlinde mgongo maana adui wa pili hupenda kuja wakati huo huo. Mkimkimbilia mtu mmoja watatu, mtagongana wenyewe. Na rubani akiruka kwa parachuti, usimguse. Hata vitani ni marufuku, Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977, kifungu cha 42.

Wengine wanasema basi tuwaachie majeruhi warudi kwao. Wanamtaja Franz Stigler, rubani Mjerumani ambaye tarehe 20 Desemba 1943 aliikuta B-17 ya Mmarekani Charlie Brown imechakaa kwa risasi, akaisindikiza badala ya kuiangusha. Wawili hao walikutana 1990 wakawa marafiki hadi walipofariki wote mwaka 2008.

Kisa kizuri, ila kwenye mchezo mambo ni tofauti. Kwenye War Thunder, kwa mfano, majeruhi akitua uwanjani anatengenezewa ndege na kujaziwa risasi, halafu anarudi kukutafuta. Kwa hiyo kumalizia si ukatili. Kama bado anaweza kupiga au kufika kwao, na aliyemjeruhi kaishiwa risasi au kafa, malizia bila aibu.

Mimi sikuwa na sababu hiyo. Mwenzangu alikuwa na risasi na alikuwa nyuma yake kabisa. Nimeshamtumia ujumbe wa kuomba radhi, nasubiri jibu.

Nyie mnaonaje?