Mtihani wa Leseni Hauanzi Mwaka wa Mwisho
Nchini Marekani, mhitimu wa famasia hapati leseni asipofaulu NAPLEX, mtihani wa saa 6. Kwa kuwa matokeo ya kila chuo hutangazwa hadharani, vyuo vingi hugharimia kozi za marudio na mitihani ya majaribio mwaka wa mwisho. Sipingi gharama hiyo. Napinga kuchelewa kwake. Mtoto wa kilo 10 akiandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, mfamasia atampimia mililita 6.25. Nukta ikisogea, zitakuwa 62.5! Umakini huo haukaririwi kwa majuma machache. Walimu, uanzisheni mwaka wa kwanza. Wanafunzi, udaini mapema. Samaki mkunje angali mbichi.